Tuyamalize

Kuna neno ambalo majeruhi wa bodaboda hulisikia kabla hata picha ya X-ray haijatoka: tuyamalize. Analitamka bosi mwenye pikipiki, amesimama kwenye korido ya hospitali na bahasha ya kaki mkononi. Analitamka mwenyekiti wa mtaa. Askari wa usalama barabarani naye analitamka, kwa sauti ya mtu anayekuonea huruma: ndugu zangu, kesi ina mlolongo mrefu, si bora mkayamaliza wenyewe? Na sisi ndugu wa majeruhi, tuliosoma, tunaoweza kukesha tukibishana mtandaoni kuhusu katiba, tunatikisa kichwa kukubali. Tunayamaliza, wakati kwa mwenye mguu ndiyo kwanza yanaanza.

Sipingi suluhu. Suluhu ni jambo la kiungwana, na mahakama zenyewe huwapeleka watu kwenye usuluhishi kabla ya kusikiliza mashauri yao. Ninachopinga ni suluhu ambayo upande mmoja umeingia bila kujua unadai nini, kiasi gani, na kwa nani. Hiyo haina tofauti na kumnunulia mtu shamba lake akiwa amelala.

Anadai nini, basi? Kila chombo cha moto kinachoingia barabarani Tanzania kinatakiwa kisheria kiwe na bima, angalau ile tunayoiita bima ndogo. Sheria inayohusika, Sura ya 169, haikutungwa kulinda pikipiki. Bima ndogo haimlipi bosi hata taa iliyopasuka. Imewekwa kwa ajili ya yule aliyegongwa, aliyeangushwa au aliyefiwa. Kampuni na mwenye chombo ndio waliowekeana mkataba. Huyu aliyelala wodini anaitwa mtu wa tatu. Waliosoma sarufi watatabasamu: nafsi ya tatu ndiyo ile inayozungumzwa habari zake bila yenyewe kuwepo kwenye mazungumzo.

Jina lenyewe limetuharibia. Ukisema "bima ndogo", msikilizaji anaelewa kitu duni, cha kumridhisha trafiki, kama risiti ya maegesho. Kijiweni watu huiita stika tu, na stika kazi yake ni kubandikwa. Ni nadra kusikia mtu akiambiwa kwamba abiria aliyelipa nauli naye ni mtu wa tatu, mradi bima imekatwa kwa matumizi ya biashara. Na bosi anayeikatia pikipiki yake bima ya matumizi binafsi ilhali anajua inashinda barabarani ikibeba abiria, huyo ameshamdhulumu abiria kabla hajapanda.

Ninayo kwenye simu picha ya karatasi moja ya makubaliano. Ni ukurasa wa daftari la mistari, umeandikwa kwa kalamu ya bluu, una mashahidi wawili na muhuri wa serikali ya mtaa. Aliyeisaini ni binti wa mama yangu mdogo, fundi cherehani wa Mbagala. Alikuwa abiria. Dereva aliingia upande usio wake, akalivaa guta lililokuwa limeegeshwa, na mguu wa kulia wa binti ukavunjika chini ya goti. Cherehani yake ni ya kukanyaga. Karatasi inasema amepokea shilingi laki mbili "kwa ajili ya matibabu na usumbufu" na kwamba hatadai chochote tena, popote, milele. Neno milele limepigiwa mstari.

Siku anasaini, ukoo ulikuwa umeshalipa milioni moja na laki nane kwa upasuaji na vyuma. Kodi ya fremu ilikuwa inaendelea, elfu sabini kila mwezi, mlango umefungwa. Ajali ilitokea mwishoni mwa Novemba, maana yake alikosa msimu wa sare za shule, ambao kwa fundi wa mtaani ndio mavuno ya mwaka mzima. Nilipomuuliza kikao kilikwendaje, alisema aliuliza swali moja tu: vyuma vikija kutolewa mwakani, atalipa nani? Mjomba akajibu kwamba Mungu atafungua njia. Namba ya usajili ya pikipiki haikuandikwa kwenye karatasi ile. Jina la kampuni ya bima halimo. Ukiisoma hujui hata kama ajali yenyewe ilihusu pikipiki au punda.

Hapo kuna jambo ambalo hata bosi halijui. Masharti ya kawaida ya bima ya chombo humkataza mwenye chombo kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Kwa hiyo anapokimbilia koridoni na bahasha, akidhani anajiokoa, huenda anaivuruga bima aliyoilipia kwa fedha zake. Na ile karatasi ya daftari, siku madai yakifika mezani kwa kampuni, ndiyo itakayokuwa ya kwanza kutolewa. Wakili wa upande wa pili hatajali kwamba aliyesaini alikuwa ametoka kuchomwa sindano ya maumivu.

Tunajitetea kwa methali: ajali haina kinga. Ni kweli haina. Lakini methali inazungumzia kuzuia ajali. Haisemi kwamba gharama zake zimwangukie aliyeumia. Wengine wanakwenda juu zaidi, wanasema ni mapenzi ya Mungu, na hapo kikao kizima hunyamaza. Sasa tufungue vitabu vyenyewe. Qur'ani, katika Suratun-Nisaa, inapozungumzia aliyeua bila kukusudia, inaagiza dia ipelekwe kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wenyewe waamue kusamehe. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamtaka aliyempiga mwenzake akamlaza kitandani amlipe siku alizopoteza na agharimie matibabu mpaka apone kabisa. Siku alizopoteza! Wanasheria wa leo wangeiita hasara ya kipato. Msamaha upo katika dini zote mbili, ila unakuja baada ya deni kujulikana. Huwezi kusamehe usichokihesabu.

Badala ya kuhesabu, tunafungua kundi la WhatsApp. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linafanywa kwa upendo. Saa mbili baada ya ajali kuna kundi lenye picha ya mgonjwa, mweka hazina, na orodha inayonakiliwa kila mtu anapoongeza elfu tano yake. Mwalimu anachangia, mstaafu anachangia, mwanafunzi anatoa katika hela ya kula. Na mahali fulani mjini kuna kampuni iliyopokea fedha za bima kwa ajili ya tukio hili hili, na haijui kwamba limetokea, kwa kuwa hakuna aliyeiandikia hata barua. Tunachanga ili kampuni ya bima isilipe. Mchango wa siku ya kwanza ni sawa. Daktari hasubiri barua. Lakini kundi lenye watu mia na hamsini likikosa hata mmoja wa kuuliza namba ya stika, tusiliite mshikamano.

Nimeshajibiwa mara nyingi kwamba dereva ni kijana maskini, anapeleka hesabu kwa bosi kila siku, elfu saba, elfu kumi, na akibakiwa na kitu ni bahati. Kumdai ni kummaliza. Nakubali ni maskini. Ndiyo maana bima ikawa ya lazima: ili aliyeumia asitegemee mfuko wa aliyemuumiza. Anayesema tumwonee huruma dereva, kwa hiyo tusiidai kampuni, ameunganisha vitu viwili visivyohusiana. Tena dereva huyo huyo akigongwa na gari kesho, yeye ndiye mtu wa tatu, na ataambiwa neno lile lile.

Shida ni pale pikipiki haina bima hai. Hapo siwezi kujifanya mambo ni rahisi. Unaweza kushinda shauri ukabaki na hukumu nzuri na mguu mbovu. Lakini basi tumtazame anayestahili kutazamwa. Kadi ya pikipiki ina jina la mtu, na mara nyingi si la dereva. Ni la mtumishi, mfanyabiashara au mstaafu aliyeona pikipiki tatu zinaingiza zaidi ya akaunti ya benki. Akiulizwa atasema: mimi nimempa mkataba tu, analipa kidogokidogo mpaka iwe yake. Kwenye kupokea hesabu yeye ni bosi. Kwenye ajali anageuka kuwa muuzaji wa pikipiki kwa mkopo. Kuendesha au kuruhusu chombo kiendeshwe bila bima ni kosa la jinai, na anayeruhusu ni yeye. Na dereva akianguka peke yake kwenye shimo la barabara, bima ndogo ya pikipiki yake haimjui. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, unamjua mwenye mwajiri, na yeye mwajiri wake anakana kuwa mwajiri. Huyu ndiye mtu tuliyemkabidhi usafiri wa nusu ya mji.

Kuna na kesi ya trafiki, ambayo huwapoteza wengi. Dereva anafikishwa mahakamani, anakiri kosa, anatozwa faini, na familia inarudi nyumbani ikiamini mambo yamekwisha na hawakupata kitu. Faini ile ni ya serikali. Madai yako hayajaguswa. Kinyume chake, hukumu ile ya jinai ni ushahidi unaoweza kuubeba kwenye shauri la madai. Na muda upo: Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kufungua shauri la madhara ya namna hii. Miaka 3 ni mingi kwa mtu mzima na michache kwa mtu anayejifunza kutembea.

Wala sisemi mlango wa haki uko wazi na sisi tu ndio wavivu. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba fidia mahususi, yaani gharama unazozitaja kwa tarakimu, ni lazima zidaiwe kwa kutajwa na zithibitishwe kikamilifu. Kwa lugha ya mtaani: risiti. Sasa nionyeshe risiti ya bajaji iliyompeleka mgonjwa kliniki mara kumi na moja. Nionyeshe risiti ya maziwa, ya magongo yaliyonunuliwa kwa mtu, ya shangazi aliyeacha genge lake akaja kuuguza. Uchumi wetu hautoi karatasi, halafu sheria inataka karatasi. Fidia ya jumla, ile ya maumivu na ulemavu, inabaki kwa busara ya hakimu, na fundi cherehani asiye na hati ya mshahara anaanza safari akiwa chini. Ndiyo sababu wasomi tunahitajika pale koridoni, si kwa hekima zetu, bali kwa kazi ndogo za kikarani: kupiga picha kila risiti, kutunza nakala ya PF3 na ramani ya ajali, kutoa taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha wateja walikuwa wakilipa kiasi gani kabla ya Novemba.

Lugha nayo. Tangu mwaka 2021 sheria yetu inatambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hati za bima nilizowahi kushika zote zilikuwa za Kiingereza, na kile cha kizamani. Bosi hajaisoma, dereva hajawahi kuiona, na mtu wa tatu hajui kuwa ipo. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ingeweza kuagiza ukurasa mmoja wa Kiswahili uambatane na kila stika: nani analipwa, aandike wapi, apeleke nini. Polisi nao wangeweza kumpa majeruhi, pamoja na PF3, jina la kampuni na namba ya bima ya chombo kilichomuumiza, bila ndugu kuombaomba kituoni. Wodini kuna afisa ustawi wa jamii anayeshughulikia wasioweza kulipa. Awe anauliza pia kama yupo anayepaswa kulipa. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Pengo hili limeshapata wenyeji wake: vishoka wanaozunguka hospitalini, wanaochukua nyaraka za mgonjwa na kurudi na robo ya fedha, kama wanarudi. Tunawalaani, lakini wao angalau walijua kwamba kuna fedha.

Kwa hiyo bosi akija na bahasha, mpisheni kiti. Pokeeni pole yake, huenda anaitoa kwa dhati. Akitaka kusaidia gharama za usiku ule, asaidie, na muandikiane kwamba ni msaada, si malipo ya mwisho. Kisha mwombeni namba ya usajili wa pikipiki, na hapohapo koridoni mmoja wenu aingie kwenye mfumo wa TIRA kwa simu aangalie kama bima yake iko hai na ni ya kampuni gani. Inachukua muda mfupi kuliko kuandika ile karatasi ya daftari.