Kutu Haina Hatia

Nenda kwenye saiti yoyote ya ujenzi, iwe Mbagala au Kayole, usubiri mtu akanyage msumari. Hutasubiri sana, maana kandambili ndizo viatu vya kazi. Atainua mguu, atachomoa, atatukana kidogo, na kabla damu haijakauka mwenzake atauliza, "Una kutu?" Ukiwa na kutu, ni kelele: kimbia zahanati, kachome sindano ya pepopunda. Ukiwa mpya, umetoka dukani juzi, unang'aa, jibu ni jingine. "Aa, huo hauna neno. Funga kitambaa, tumalizie zege."

Swali hilo ni la kijinga, na ujinga wake unaua. Nasema hivi nikijua kwamba linaulizwa pia na wazazi, na walimu, na, naomba radhi, hata baadhi ya wauzaji wa maduka ya dawa. Tumelirithi utotoni pamoja na onyo la kutochezea mabati, na hakuna aliyekaa akajiuliza chuma kilichochakaa kinawezaje kumkaza mtu taya.

Hakiwezi. Kutu ni chuma kilichokutana na hewa na unyevu, basi. Haina uhai, haina sumu ya kukupeleka kaburini. Tena ukitazama vizuri utaona kichekesho: kutu huzaliwa na oksijeni, ilhali bakteria wa pepopunda huuawa na hiyohiyo oksijeni. Tumemkamata mshtakiwa ambaye hata nyumba moja na mhalifu hawawezi kuishi.

Mhalifu mwenyewe anaitwa Clostridium tetani. Makao yake ni udongo, hasa ule uliochanganyika na samadi, na matumbo ya ng'ombe, farasi na kondoo, hata ya binadamu, ambamo hukaa bila kumdhuru mwenyeji wake. Kwa kuwa hewani hawezi kukua, hujifungia ndani ya spora. Chini ya hadubini anafanana na njiti ya kiberiti: mwili mwembamba, na spora ya duara iliyovimba kwenye ncha moja. Spora hiyo hukaa ardhini miaka na miaka. Kiangazi hakiiui, spiriti haiiui, na maji yanayochemka hayana uhakika. Ndiyo maana hospitali husafisha vifaa kwa mvuke wenye mgandamizo, kwenye nyuzi joto 121. Sasa yule anayesugua kisu kwa msasa mpaka king'ae, kisha akatangaza kwamba sasa ni salama, ameondoa nini hasa?

Na si habari mpya. Mwaka 1884, Arthur Nicolaier, Mjerumani, aliwadunga wanyama udongo wa kawaida wa bustani wakapata pepopunda. Udongo, si msumari. Miaka 5 baadaye, Kitasato Shibasaburō, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Berlin katika maabara ya Robert Koch, alimtenga bakteria huyo peke yake. Alipasha moto usaha wa mgonjwa mpaka nyuzi 80, bakteria wengine wakafa, spora zikabaki; kisha akazikuza ndani ya gesi ya haidrojeni, mahali ambapo hewa haifiki. Jambo limekuwa wazi tangu wakati wa babu wa babu zetu, na bado tunaulizana kuhusu kutu.

Kweli msumari una kosa, ila kosa lake si rangi. Ni mwembamba na unaingia ndani. Unabeba udongo wa pale ulipolala, unautia kwenye nyama, kisha tundu linajifunga juu. Chini kunabaki nyama iliyokufa, damu haifiki, hewa haifiki. Hapo ndipo spora inapoamka na kuanza kutengeneza sumu. Kiasi kinachoweza kumuua mtu wa kilo 70 hakifiki nanogramu 200, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Ni kidogo kiasi kwamba hata anayepona haachiwi kinga yoyote: anaweza kuugua tena, na lazima achanjwe kama asiyewahi kuugua. Sumu hupanda kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye uti wa mgongo, na huko inazima amri zinazoiambia misuli ilegee. Taya hukaza, kisha shingo, kisha mgongo unapinda kama unataka kuvunjika. Mlango ukigongwa kwa nguvu, taa ikiwashwa ghafla, mwili mzima unakakamaa upya. Na akili ya mgonjwa iko timamu muda wote.

Dalili huanza kati ya siku 3 na 21. Kufikia hapo kidonda mara nyingi kimeshapona, na hakuna anayekumbuka mwiba wa shambani, jembe lililoteleza, kijiti kilichochoma kwenye zizi, au kidole kilichofumuliwa funza kwa pini. Kutu haikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyeogopa.

Lakini mahali ambapo imani hii imetugharimu zaidi ni kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Mwaka 1988, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba pepopunda iliua watoto wachanga wapatao 787,000 duniani kwa mwaka huo mmoja. Hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga msumari. Wengi kitovu chao kilikatwa kwa chochote kilichokuwa karibu. Wengine kwa wembe mpya, uliofunguliwa kwenye karatasi yake mbele ya bibi na shangazi, kisha kikapakwa majivu, udongo au kinyesi cha ng'ombe ili kikauke haraka. Mtoto ananyonya vizuri siku mbili za kwanza. Baadaye midomo inabana, chuchu haishiki, analia bila kufungua kinywa. Ukimgusa anakakamaa. Familia inatafuta mkono wa mtu, au jini, na wembe unang'aa palepale juu ya kabati.

Chanjo kwa wajawazito na uzazi wa hospitalini ndivyo vilivyobadilisha hali. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 na Kenya mwaka 2018 kuwa zimeshusha ugonjwa huo chini ya mtoto mmoja kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya. Hiyo haina maana kwamba bakteria ametoweka. Hawezi kutoweka, yuko ardhini. Wilaya ikilegeza chanjo, anarudi.

Tazama jinsi imani ya msumari ilivyokaribia kuivuruga kazi hiyo. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda, wakidai imetiwa homoni ya kuzuia mimba. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Ila swali lililowaingia watu wa kawaida halikuwa la maabara. Lilikuwa hili: kwa nini wanawake tu, wa miaka 14 hadi 49? Wanaume hawakanyagi misumari? Kwa mtu aliyefundishwa tangu utoto kwamba pepopunda ni ugonjwa wa chuma kibovu, kampeni inayowaita wanawake peke yao lazima inuke. Angejua habari ya kitovu, angeelewa mara moja kwamba anayechanjwa ni mama ili mtoto azaliwe na kinga.

Hata hivyo, nusu ya swali lile ilikuwa ya haki, na hiyo ndiyo inayonikera. Wanaume wameachwa. Mtoto wa kwetu huchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Msichana ataipata tena akishika mimba. Kaka yake, mara nyingi, hana dozi nyingine mpaka aumie, na hata akiumia atakwenda tu iwapo msumari ulikuwa na kutu. Halafu ni yeye anayechimba mitaro, anayechunga, anayeanguka na bodaboda, anayenawa jeraha la gereji kwa petroli.

Pengo hilo lilijianika wakati wa kampeni za tohara ya wanaume ya kujikinga na VVU. Wanaume kadhaa, Uganda hasa, walipata pepopunda baada ya kutahiriwa, na wengine walikufa. Vifaa vya kliniki havikuwa na kutu. Walirudi nyumbani na kidonda kibichi na mwili usio na kinga, na baadhi yao wakapaka dawa za kienyeji. Uganda ililazimika kuagiza wachanjwe kwanza, kisu baadaye.

Mtaniambia angalau hofu ya kutu inawapeleka watu hospitali. Inawapeleka wachache, tena kwa sababu potofu, na huko wanadai sindano moja wakiamini inafuta sumu papo hapo. Haifuti. Chanjo huufundisha mwili, na kwa ambaye hajawahi kuchanjwa somo hilo linataka wiki kadhaa na dozi zaidi ya moja. Kidonda chake kikiwa kichafu anahitaji pia kingamwili zilizokwisha kutengenezwa. Daktari anayeijua kazi yake haulizi msumari ulikuwa na rangi gani. Anataka kujua kidonda kina kina gani na kimeingiwa na nini, na dozi ya mwisho ilikuwa lini. Ikiwa kidonda ni kichafu na miaka 5 imepita, unachomwa; kikiwa safi, miaka 10. Na kabla ya yote hayo kidonda kioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni. Majivu, kahawa, dawa ya meno na ugoro vibaki vilipo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi tatu za nyongeza kwa watoto wote, wa kike na wa kiume: mwaka wa pili wa maisha, kati ya miaka 4 na 7, na kati ya miaka 9 na 15. Wauguzi wetu tayari wanaingia shuleni kuwachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Gari lipo, kisanduku cha baridi kipo, muuguzi yupo, na wavulana wamekaa darasa hilohilo wakitazama. Wizara zetu zituambie kwa nini chanjo ya pepopunda isipande gari hilo.