Samaki Mgeni Akae Kando Kwanza

Muuzaji anayekufungia samaki wa mapambo kwenye mfuko na kukuapia kuwa ni mzima huenda hadanganyi. Samaki anaogelea, anakula, rangi zinang'aa. Lakini afya ya dukani haithibitishi lolote, na ndiyo maana nashikilia kwamba samaki mgeni akae peke yake wiki nne kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Chukua ugonjwa wa madoa meupe, unaosumbua wafugaji kila mahali. Kimelea chake, Ichthyophthirius multifiliis, hujichimbia chini ya ngozi ya samaki na ndani ya matamvua, na kikiwa matamvuani humwoni na doa hata moja. Pengine utaona tu anahema upesi au anajisugua kwenye mawe. Kikishakomaa hudondoka, hujifungia ndani ya ganda kwenye changarawe na kujigawa kuwa vimelea vichanga kwa mamia, ambavyo visipopata samaki ndani ya siku mbili hivi hufa. Katika maji ya nyuzijoto 25 mzunguko wote hauzidi wiki moja, ila maji yakiwa baridi huchukua wiki kadhaa. Dawa huua vile vichanga vinavyoogelea tu. Vilivyo ngozini na vilivyo ndani ya ganda haviguswi. Kwa hiyo kumchovya mgeni kwenye maji ya chumvi jioni moja, kama wengi wanavyofanya, ni kujifariji.

Wapo wanaolalamikia gharama. Hawa si wa kubishana nao sana: beseni kubwa la plastiki, pampu ndogo ya hewa, chujio la sponji na kipande cha bomba la kujifichia vinatosha. Hoja nzito ni ya wanaosema karantini yenyewe huua. Wana haki, maana chombo kipya hakina bado bakteria wa kuvunja amonia inayotolewa na samaki, na sumu hiyo hupanda haraka katika maji machache. Hata hivyo kosa hapo ni la maandalizi. Sponji ikiachwa ndani ya tangi kubwa wiki kadhaa kabla ya ununuzi, huhamia kwenye beseni ikiwa tayari na bakteria wake. Chakula kikipunguzwa na maji yakibadilishwa kidogo kidogo, samaki hadhuriki. Beseni liwe na wavu wake pia, kwani wavu uliolowa hubeba vimelea kutoka chombo kimoja hadi kingine.

Ni kweli pia kwamba karantini hainasi kila kitu. Virusi vya herpes vya koi, kwa mfano, huweza kujificha ndani ya samaki aliyepona. Lakini magonjwa mengi ya kawaida hujitokeza ndani ya wiki hizo, yakiwa ndani ya beseni moja na samaki mmoja. Asiye na nafasi ya beseni la pili asiongeze samaki.