Mzee apewe chumba cha chini

Siku hizi kazi nyingi ninazoitiwa Magomeni, Ilala na Temeke ni za choo. Mimi ni mwashi. Nilianza kwa kubeba zege, nikafikia kukabidhiwa nyumba nzima kuanzia msingi hadi lenta, na kwa miaka mingi wateja wangu walikuwa vijana waliopata viwanja Mbagala na Kimara. Sasa anayenipigia simu ni mtoto wa mwenye nyumba: "Fundi, mama hawezi tena kuchuchumaa." Nakwenda, navunja choo cha shimo, naweka cha kukaa, nafunga bomba la chuma ukutani la kushikia, nageuza mlango ufunguke kwa nje. Hilo la mlango wengi hawalifikirii. Vyoo vyetu ni vyembamba. Mzee akianguka ndani, mwili wake unauzuia mlango, na watu wanabaki nje wakimwita huku mwingine akikimbilia shoka.

Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61, na zaidi ya mtu mmoja katika kila ishirini ametimiza miaka 60, umri ambao sera yetu ya taifa ya mwaka 2003 inamwita mtu mzee. Ukilinganisha na Japani ni wachache. Lakini katika mitaa ya zamani ya Dar es Salaam wachache hao ndio wenye nyumba. Magomeni na Temeke zilipimwa viwanja miaka ya mwisho ya ukoloni. Waliojenga pale wengi tumeshawazika, na watoto waliokulia kwenye nyumba hizo ndio leo wanatembea na mkongojo.

Nyumba yenyewe kila mtu anaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uwani jiko na choo, mbele baraza. Wasomi wa mipango miji huiona imechoka, na ukitazama kuta zilizoliwa na chumvi hutawabishia. Ila mimi nimefanya kazi ndani ya nyumba hizi huku wenyewe wamekaa pembeni wananitazama, najua zinafanya nini. Bibi anakaa chumba cha mbele, vingine anapangisha. Kodi hiyo ndiyo pensheni yake, kwa sababu mama aliyeuza maandazi maisha yake yote, au baba aliyeendesha lori la mtu, hakukatwa mchango wa mfuko wowote. Zanzibar tangu 2016 inamlipa kila aliyefikisha miaka 70. Huku bara hatuna malipo ya namna hiyo kwa kila mzee, tuna wapangaji. Na mpangaji halipi kodi tu. Ndiye anayesikia bibi amekohoa usiku kucha, ndiye anayemletea ndoo ya maji, ndiye anayewapigia watoto walioko Mwanza au Muscat.

Sasa mwekezaji anakuja. Anamwambia mwenye kiwanja: wewe una ardhi, mimi nina fedha, tubomoe, nipandishe ghorofa, nikupe nyumba mbili humo humo. Kariakoo ilibadilika hivyo, na wimbi limeshavuka Jangwani. Mzee anasaini. Tatizo ni kwamba ghorofa la mtaa wa biashara linalipa kwa chini. Fremu za maduka ndizo zinazorudisha fedha ya mwekezaji, kwa hiyo chini hakai mtu. Mzee aliyetoa ardhi anapelekwa juu.

Namfahamu mama mmoja aliyepewa nyumba ghorofa ya tatu. Vigae vinang'aa, maji yamo ndani. Lifti ipo, lakini imezimwa kwa sababu wenye nyumba hawajaafikiana nani alipe umeme wake. Akienda kliniki ya shinikizo la damu, vijana wawili wanamshusha amekaa kwenye kiti cha plastiki. Nilikwenda kumfungia bomba la kushikia bafuni, nikamwamkia, nikamuuliza kama amepazoea. "Nyumba nzuri, mwanangu," akasema, "lakini hodi siisikii tena." Watoto wake wanamgharamia kila kitu. Zamani alikuwa anajigharamia mwenyewe, na juu ya hapo alikuwa anawapa wajukuu hela ya shule.

Sipingi maghorofa. Mji umejaa, na bonde la Msimbazi halitaacha kufurika. Kaya 644 za Magomeni Kota ziliporudi mwaka 2022 kwenye majengo mapya, nilifurahi pamoja nao. Ninachokipinga ni kubomoa nyumba ya mzee bila kuuliza atalala wapi na atakula nini.

Mhandisi wa manispaa anapopitisha ramani anaangalia msingi, nondo na njia ya kukimbilia moto. Aangalie na hili: kama mwenye kiwanja ni mzee, awe na makazi chini, upande wa nyuma. Upande huo hauna faida kubwa kwa duka hata hivyo. Chumba, choo humo humo, mlango wa sentimita 90 badala ya 70 ili kiti cha magurudumu kipite, sakafu isiyo na kizingiti, vigae visivyoteleza. Wakati wa kujenga, tofauti ya gharama ni ndogo sana. Baadaye ni kuvunja ukuta na kuhamisha mabomba, na kazi hiyo ninaijua bei yake. (Hata wanaowajengea wazazi nyumba kijijini wangezingatia hayo. Marumaru ya kung'aa tunaweka kwa ajili ya wageni wa Desemba, anayeteleza Machi ni mama.)

Tena mkataba useme, kabla nyundo haijagonga bati, kwamba fremu moja ni ya mzee kwa jina lake. Tangu 2008 tuna sheria inayomruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya jengo, kwa hiyo hakuna sababu ya kumwachia ahadi ya mdomo. Nyumba anayolala mwenyewe haimletei kodi, na lifti inadai fedha kila mwezi.

Haya yanaweza kuanzia kwenye sheria ndogo za halmashauri. Magomeni iko chini ya Kinondoni, na madiwani wake wanaziona nyumba hizo zikianguka kila wiki wakipita barabara ya Morogoro. Waanze wao.