Ng'ombe kachanjwa, josho je? Kupe bado ni hatari kwa mifugo na kwa mchungaji

Juni 16, 2025, akiwa Bariadi mkoani Simiyu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Kwa ruzuku ya serikali, mfugaji anachangia shilingi 500 kwa ng'ombe na 300 kwa mbuzi au kondoo. Kuku wa asili anachanjwa bure. Tangu hapo swali moja linarudi kwa wafugaji: ng'ombe akishavishwa hereni na kuchomwa sindano, bado nimpeleke josho?

Ndiyo, mpeleke. Chanjo ya kampeni hiyo kwa ng'ombe ni ya homa ya mapafu. Kwa mbuzi na kondoo ni ya sotoka, kwa kuku ni ya kideri. Hakuna hata moja kati ya hizo inayozuia ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa masikioni. Ndama hupata homa kali, tezi zinavimba chini ya sikio, anahema kwa shida, na wengi hufa. Chanjo ya ndigana kali ipo, lakini ni nyingine. Muulize afisa mifugo wa kata yako.

Mkoa wa Geita unalijua jambo hili. Kampeni ya kitaifa ya kuogesha mifugo ilizinduliwa hapa hapa, Buzirayombo wilayani Chato, Desemba 2018, kwa bei elekezi ya shilingi 50 kwa ng'ombe na 10 kwa mbuzi au kondoo. Tatizo la josho ni kwamba halimfai mtu mmoja. Ukiogesha wewe na jirani asiogeshe, ng'ombe wenu wanakutana malishoni na kwenye maji, na kupe wanarudi. Wafugaji wakipungua, hela ya dawa inakosekana. Dawa ikizidishwa maji, kupe dhaifu wanakufa, wale sugu wanabaki kuzaana.

Binadamu haambukizwi ndigana kali. Hata hivyo kupe anaweza kumpa mtu magonjwa mengine, kwa hiyo mchungaji na mkamuaji wajikague kila jioni: kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio. Watoto wakaguliwe pia kichwani.

Ukimkuta kupe, usimpake mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu kwenda juu bila kumzungusha. Kama huna kibano, funika vidole kwa kitambaa. Usimpasue kwa kucha, maana damu yake inaweza kuwa na vimelea. Mtumbukize kwenye spiriti. Kisha osha jeraha na mikono kwa sabuni. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe isipakwe kamwe kwenye mwili wa mtu.

Kuna ndugu wa kupe anayeishi ndani ya nyumba: papasi. Mchana anajificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuta, usiku anauma na kuondoka, hivyo asubuhi huna cha kung'oa. Analeta homa ya papasi, ambayo hupanda siku kadhaa, hutulia, kisha hurudi. Wengi huidhani malaria. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuionyesha. Damu inatakiwa itazamwe kwa darubini. Kwa mjamzito ni hatari kubwa kwake na kwa mtoto aliye tumboni, lakini inatibika kwa dawa za kuua bakteria.

Kwa hiyo ziba nyufa, usilale chini, na chomekea chandarua chini ya godoro. Homa ikirudi baada ya kupoa, nenda kituo cha afya na umwambie mhudumu mambo mawili: unalala nyumba ya namna gani, na kama umeumwa na kupe. Maelezo hayo yatamsaidia kujua apime nini.