Jinsia si jina lingine la mwanamke

Likitangazwa kwamba kuna kikao cha jinsia kwenye bloku yenu, unajua tayari nani atakwenda. Akina mama watakwenda. Wanaume wengi watabaki wakisema hayo ni mambo ya wanawake. Sehemu ya lawama ni ya wanaume wenyewe, lakini sehemu nyingine inatokana na namna mjadala wa usawa ulivyoletwa katika makazi ya wakimbizi. Makala hii inaukosoa mjadala huo, bila kusahau kwa nini ulianzishwa.

Ulianza kwa sababu ya kweli

Kwa miaka mingi familia ya mkimbizi iliandikishwa kwa jina la mkuu wa kaya, na mkuu huyo kwa kawaida alikuwa mwanaume. Mume akioa kwingine au akiondoka na kadi, mke na watoto walibaki bila chakula wala karatasi ya kuwatambulisha. Mwaka 2001 UNHCR ilitoa ahadi tano kwa wanawake wakimbizi. Miongoni mwake ni kila mwanamke kuandikishwa kwa jina lake, kushiriki katika kamati za uongozi, kushiriki katika kusimamia ugawaji wa chakula, na kupatiwa vifaa vya hedhi. Anayeziita ahadi hizo upendeleo amwulize mama aliyewahi kukimbiwa na mume pamoja na kadi.

Wala usidanganyike kwamba usawa ni kitu kilicholetwa na Wazungu. Bibi Titi Mohamed alianza kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU mwaka 1955, kabla ya semina yoyote ya wafadhili.

Nani amemnyang'anya baba nafasi yake?

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mtafiti Simon Turner alifanya utafiti katika kambi ya Lukole wilayani Ngara, Tanzania, miongoni mwa wakimbizi wa Burundi. Alikuta watu wakilalamika kwamba UNHCR imekuwa mume bora kuliko waume wenyewe, kwa kuwa ndiyo inayolisha na kuvisha. Wanaume waliona heshima yao imeondoka, na wengi waliamini kwamba maneno ya usawa ndiyo yaliyoiondoa.

Malalamiko hayo bado unayasikia leo. Uchungu huo ni wa kweli, lakini anayelaumiwa siye. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa na asitoke bila kibali. Mwanaume aliyezoea kulima, kuvua au kufanya biashara anakaa akisubiri mgao. Mke wake hakutunga sheria hiyo, na yeye pia imemfunga. Nchini Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Kwa hiyo baba anayetaka kurudisha heshima yake ana sababu ya kudai haki ya kufanya kazi pamoja na mkewe. Hatapata chochote kwa kupigania kadi irudi mikononi mwake.

Hapa ndipo ufeministi wa kisasa, hasa ule wa mikutano na mitandao, unapokosea. Unazungumza na mwanaume kana kwamba siku zote ana mamlaka ya kugawana. Mwanaume asiye na kazi, ardhi wala kibali anasikia tu kwamba anatakiwa kupunguziwa kile ambacho hana. Asipopewa maelezo ya kuridhisha, hasira yake inaishia nyumbani, na anayeumia ni mwanamke yule yule tuliyesema tunamlinda.

Manusura wasiohesabiwa

Tunaposema ukatili wa kijinsia, picha inayokuja ni ya mwanamke au msichana. Ni kweli kwamba wao ndio wengi wanaoumizwa. Lakini vita vya ukanda wetu vimewadhalilisha wanaume pia, na wengi wao wamenyamaza. Refugee Law Project ya Kampala imefanya kazi kwa miaka mingi na wakimbizi wanaume waliobakwa, na mwaka 2012 UNHCR ilitoa mwongozo wa kuwahudumia wanaume na wavulana wa aina hiyo. Hata hivyo, bango la kituo likiwa na picha ya mama peke yake, mwanaume atapita bila kuingia. Kumhudumia yeye hakupunguzi haki ya mwanamke, ili mradi fedha za huduma ya wanawake zisihamishwe kufanya hivyo.

Viti vimejaa, kuni nani aokote?

Kosa jingine ni kuhesabu viti. Ripoti ikisema nusu ya kamati ni wanawake, tunapiga makofi. Hatuulizi kama mama huyo ameamka alfajiri kuteka maji, ametembea mbali kutafuta kuni, kisha ameketi kikaoni saa tatu bila kuulizwa neno, na anarudi kupika. Kazi ya nyumbani isipogawanywa, kiti cha kamati kinakuwa mzigo mwingine kichwani mwake.

Na wakati tunahesabu viti, sheria zinazowaumiza wote zinapita kimya. Chini ya Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa njia ya ndoa, lakini mwanaume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo. Katika vijiji vinavyozunguka kambi jambo hili lina maana kubwa. Mama Mtanzania ananyimwa haki ambayo kaka yake anayo, na anayebaki bila uraia huo ni mumewe mkimbizi. Ubaguzi dhidi ya mwanamke unakuwa hasara ya mwanaume.

Kikao kijacho

Basi kikao kijacho kikitangazwa, mwanaume, nenda. Mama, nenda pia, na usikubali kukaa tu kujaza idadi. Waulizeni viongozi wa zoni na mashirika, pamoja na sisi tunaoandika ripoti, maswali haya: Nani katika kaya zetu anafanya kazi ambayo haihesabiwi? Mwanaume aliyeumizwa aende wapi bila kuchekwa? Ni sheria ipi inayotufunga sote, na nani ataifikisha kwa wenye kuibadilisha?

Kikao kinachojibu maswali hayo kitamfaa mwanamke kuliko kile kinachomsifu bila kumpunguzia mzigo. Na mwanaume hatapata tena sababu ya kubaki chini ya mti.