Injini Imetoka Ovahoo? Usimharakishe Fundi

Injini ikikwama wiki moja baada ya ovahoo, lawama zote humwendea fundi. Mimi nasema mwenye gari pia ana kesi ya kujibu.

Pita gereji yoyote huku Section 58 jioni. Injini ndio imefungwa, mwenyewe ashatoa simu arekodi, anasema, "Washa tuskie!" Fundi naye anataka kulipwa aende nyumbani, so anawasha.

Shida ni hii: injini iliyofunguliwa yote huwa kavu. Filta ni tupu na mifereji ya oili imejaa hewa. Kranki na beringi hutenganishwa na utando mwembamba wa oili yenye presha. Ukiwasha kavu, chuma kinasaga chuma, na sekunde chache zinatosha kukwaruza beringi mpya.

Dawa yake si ghali. Mimina oili ya kutosha, na kama filta inakaa wima, ijaze kabla ya kuifunga. Kwa gari ya petroli, toa plagi, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, kisha piga starta kama sekunde 10. Ipumzishe, urudie mpaka ile taa nyekundu ya oili izime. Hapo ndio urudishe plagi na fyuzi, uwashe.

Umechukua loni ya sacco kununua vipuri, halafu unakosa dakika 20 za kungoja? Fundi akikuambia subiri, mnunulie chai, msubiri pamoja. Video ya kurekodi ni ya hiyo taa ikizima. Mlio utausikia miaka mingi.