Gurudumu Halinyoshwi kwa Nguvu

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, mpwa wangu alinijia akiisukuma pikipiki yake kwa mikono. Kijana huyu ni mwendeshaji wa bodaboda hapa Mombasa, na kila asubuhi huwapeleka shule watoto wawili wa jirani. Gurudumu la nyuma lilikuwa likiyumba kama ngalawa iliyovunjika mrengu.

"Mjomba," alinambia, "fundi alilikaza juzi tu na pesa zake nikampa. Leo spoki tatu zimekatika."

Nikamuuliza fundi alilikaza vipi. Akajibu kuwa alizipitia spoki zote, moja baada ya moja, akizikaza mpaka spana ikakataa. Hapo nikajua ugonjwa u wapi. Fundi yule hakulitengeneza gurudumu, alilisonga.

Ndugu msomaji, nathubutu kusema kuwa anayekula kwa pikipiki hana budi kulijua gurudumu lake kwa mikono yake mwenyewe. Anayebeba roho za watu amebeba amana, na amana haiachiwi fundi wa njiani peke yake.

Zamani elimu hii ilikuwa majumbani mwetu. Jina lenyewe la bodaboda lilianza na baiskeli, zilizokuwa zikivusha watu mpakani Busia baina ya Kenya na Uganda. Nami nilipokuwa mtoto, nikitoka chuoni na ubao wangu wa Kurani, nilimkuta marehemu baba ameipindua baiskeli yake uani, akilizungusha gurudumu na kulitazama kwa jicho moja. Kisha serikali ikaondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, na vyombo vikajaa mijini na mashamba. Chombo kilikuja, elimu yake ikabaki nyuma.

Wako wanaosema, "Ya nini taabu? Nunua gurudumu jipya, au tia rimu nzima isiyo na spoki." Siwalaumu. Lakini rimu nzima ikipigwa na shimo la barabara ikapasuka, huwezi kuitengeneza nyumbani. La spoki huvumilia zaidi, na likiumia hutibika. Na kijana anayelipa mkopo wa pikipiki kila siku atanunua magurudumu mangapi kwa mwaka?

Basi tukakaa uani jioni mbili. Hewa yetu ya chumvi ilikuwa imezila nati ndogo za spoki, tukazitia mafuta na kuziacha zilale usiku kucha. Kabla ya kufungua chochote nilimwamuru apige picha kwa simu, ajue spoki zinapishana vipi, na apime rimu imekaa umbali gani kutoka ukingo wa kitovu. Asiyepima kabla ya kufungua hatajua pa kurudi. Rimu nayo tuliikagua. Lau ingekuwa na ufa, tungeitupa, kwani ufa hauna dawa ya uani.

Gurudumu lile lina spoki 36, yaani 18 kila upande wa kitovu. Tulitia mpya zote, tukazungusha kila nati idadi moja ya mizunguko, bila kukaza. Kisha tukalirudisha gurudumu mahali pake bila tairi wala mnyororo, pikipiki ikisimama juu ya stendi yake, na pembeni tukafunga kijiti cha chelewa, ncha yake ikikaribia rimu. Hicho ndicho kipimo chetu.

Kasoro ni mbili: kuruka na kuyumba. Tulianza na kuruka. Pale rimu ilipoinuka, tulikaza kidogo spoki za pande zote mbili. Pale ilipozama, tulilegeza. Kisha kuyumba. Rimu ikigusa chelewa upande wa kulia, spoki za kulia pale pale hulegezwa na za kushoto hukazwa, robo ya mzunguko tu, ndipo unazungusha na kutazama tena. Kijana alitaka kumaliza kwa mkono mmoja wa nguvu. Nikamzuia. Kila spoki huvuta, na ukiivuta moja umeigusa rimu yote. Watengenezaji wengi huruhusu kuyumba kusikozidi milimita 2, na sisi tulifika hapo usiku wa pili.

Mwisho tukagonga kila spoki kwa spana. Iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti nzito. Ncha zilizochomoza ndani ya rimu tukazipiga tupa zisije zikatoboa tyubu, tukavalisha utepe wa mpira, kisha tairi. Tulipokuwa tukinawa mikono nilimtungia ubeti huu, apate kukumbuka:

Moja ikishalegea, nyingine zitakatika,
Mzigo zikipokea, zitashindwa kuutweka,
Rimu itaelemea, upande itapindika,
Na aliyetegemea, njiani ataanguka.

Sisemi kila mtu awe fundi. Nasema wazee wanaojua wasione haya kufundisha, na vijana wasione kuwa kukaa chini na spana ni kazi ya walioshindwa na masomo. Mafundi nao, naomba wakubali kuwa kukaza si kutengeneza. Spoki iliyovutwa kupita kiasi hukatika sawa na iliyoachwa ikacheza, na anayelipia kosa hilo ni abiria ambaye hakuwahi kuliona gurudumu.

Spoki mpya hujikalia baada ya kutembea, kwa hiyo nilimwambia azikague tena baada ya siku chache, kisha kila wiki. Ijumaa iliyofuata nilimwona alfajiri amechutama mbele ya mlango wetu, akizigonga moja moja kabla ya kwenda kuwachukua watoto. Moja ilijibu kwa sauti nzito. Hakunita. Alitoa spana mfukoni, akaizungusha robo, akaigonga tena, akasikiliza, kisha akawasha pikipiki akaenda zake.